Maswali mnayotuuliza kila siku, yasomeni kwanza kabla ya kupiga simu

Mie ndie ninaeshika simu ya kundi. Kwa wiki napokea sauti mpaka simu inasema imejaa, na nyingi zinauliza yale yale, basi jana baada ya Isha nimekaa na birika langu la chai nikayaandika yote hapa. Hata yale yaliyonikera nimeyajibu. Kama swali lako halimo andika, usinitumie sauti ya dakika saba na nusu yake kuku wanawika.

Hivi nyie ni kundi la nini hasa? Dansi, ngoma, au ndo yale ya TikTok?

Ngoma. Sie wenyewe tunasema tunakwenda kucheza ngoma, basi. Tatizo ukisema "dansi" kwa mtu mzima wa nchi hii anafikiria bendi na magitaa, anakuja kavaa vizuri na mkewe tayari kwa rumba halafu anakuta vijana tisa miguu mitupu wanabingirika chini. Imetokea Kikwajuni, mzee wa watu alikaa mpaka mwisho kwa heshima yake tu, akaja kuniuliza kwa sauti ya chini bendi inafika saa ngapi. Vijana baina yao wanaita "kontempo". Kwenye barua za maofisini tunaandika densi ya kisasa maana ndo neno linalopokelewa huko.

Tupo kumi na nne. Tisa wanacheza, watatu wanapiga (wa zumari ndo huyo huyo wa sanduku la besi, hatuna pesa za watu wanne), mmoja wa taa, na mie. Tunachukua ngoma za visiwani, msewe, kyaso, kidumbak, ndege, beni kidogo, tunazikutanisha na mafunzo ya jukwaani ya Ulaya na Marekani, halafu tunazunguka nazo. Unguja, Pemba, bara, na tukijaaliwa mara moja kwa mwaka nje.

Kuchanganya maana yake ni nini? Mnaweka muziki wa kizungu juu ya ngoma zetu?

Hapana, ingekuwa hivo kazi ingekwisha kwa siku mbili. Mchanganyiko wetu hauko kwenye muziki wala kwenye nguo, uko miguuni.

Angalia ngoma zetu nyingi. Uzito unashuka. Goti limelegea, mgongo umeinama kidogo, kiuno kina mambo yake na mabega yana yao, kwenye kyaso kwa mfano utaona mabega yanazungumza peke yake na kifimbo mkononi, kila kiungo kinaitikia ngoma yake. Sasa njoo kwenye ballet, ile densi ya Ulaya. Imelelewa kwenye majumba ya wafalme, Louis wa 14 wa Ufaransa ndo alieanzisha chuo cha densi mwaka 1661, na yenyewe inataka mwili wende juu, mgongo wima kama mlingoti wa jahazi, nyonga zigeukie nje, na ukiruka urudi chini usisikike. Ukisikika umekosea. Baadae karne ya 20 wakatokea watu kama Martha Graham kule New York wakasema basi jamani turudi sakafuni, pumzi ianzie tumboni, tumbo liingie ndani mwili ujikunje halafu uachie. Hii ya pili ndo inayotufaa zaidi sie maana angalau inajua kuwa chini kupo.

Sasa nikupeni kisa kimoja halafu mtafahamu vizuri kuliko haya maelezo.

Mwaka wetu wa mwanzo tulikwenda Pemba, upande wa Micheweni, uwanja wa skuli, jua la alasiri. Tulikuwa na kipande cha msewe. Kwa asieijua, msewe ni vile vinavyofungwa miguuni, vya kusukwa, vina punje ndani, ukikanyaga vinalia, na ngoma yenyewe imepata jina hapo. Vijana wetu walikuwa wametoka kwenye mafunzo ya miezi mitatu ya kutua kimya, kidole, unyayo, kisigino, goti linapokea. Wakaruka vizuri mashallah. Wakatua kama paka. Mzee mmoja kwenye mkeka wa mbele akanyanyua bakora yake, wala hakupiga kelele, akasema, "Mbona haisemi?"

Mpigaji akasimamisha mkono. Yule mzee akarudia, "Msewe mmeivaa. Mbona haisemi?"

Uwanja wote kimya, unasikia mbuzi tu nyuma ya darasa. Akaomba afungwe yeye. Mjukuu wake akamshika bega, akainuka taratibu, akakanyaga mara tatu, tatu tu, mguu mzima, na ile ya kwanza mie nilidhani ngoma ndo imepigwa nikageuka kumtazama mpigaji, kumbe mpigaji mikono yake ipo mapajani. Mzee akavua akakaa zake chini akasema endeleeni.

Tuliendelea lakini wallahi tulikuwa tumeshafedheheka. Usiku hakuna alielala, tulikaa kwenye veranda ya skuli tunabishana mpaka adhana ya alfajiri, wengine wanasema tuache mafunzo ya kizungu kabisa wengine wanasema tuitoe msewe. Hatukufanya yote mawili. Tangu siku ile kila kipande tunachotengeneza tunauliza swali moja kwanza, mguu huu unatua na sauti au unatua kimya? Na kile tunachozunguka nacho sasa, wachezaji wamefunga msewe mguu wa kulia tu. Wa kulia unakanyaga kama alivyokanyaga mzee, wa kushoto unatua kimya kama walivyofundishwa. Jaribu hapo ulipo hatua kumi tu, mguu mmoja uusikilizishe mmoja uufiche, utaona akili inavyogoma.

Kwa hiyo mnaharibu utamaduni?

Hili ndo linaongoza. Na mara nyingi linaulizwa na mtu ambae mara ya mwisho kuitazama msewe ilikuwa kwenye sherehe za skuli darasa la tano, lakini haya.

Ngoma ipi ya hapa ambayo haijachanganywa? Beni ile tunayoikimbilia barabarani na watoto, na tarumbeta zake na madebe, imetokana na bendi za jeshi za wakati wa mkoloni, watu wa pwani wakaichukua wakaifanyia mzaha mpaka ikawa yao. Taarab inasimuliwa kuwa Sultan Barghash ndo alieiagiza Misri, leo hii kundi la taarab la Nadi Ikhwan Safaa lipo tangu 1905 na hakuna anaesema si ya Unguja. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurikodi sahani kwa Kiswahili. Kidumbak ina fidla, na sanduku lake la besi ni kasha la chai. Bibi yako alipokuwa anakata kiuno kwenye kidumbak hakuna aliemuuliza fidla pasipoti yake iko wapi.

Lakini sitosema kila mchanganyiko ni mzuri, ipo inayoniuma. Ile ngoma ya dakika kumi pembeni ya bwawa la kuogelea, watu wanakula kamba, vijana wamevalishwa ngozi za chui za bandia ambazo kisiwa hiki hakuna babu aliezivaa, hiyo mie naona aibu kuitazama. Ile haikuchanganya kitu. Imebuniwa ili mgeni aone alichokuja nacho kichwani.

Densi ya kisasa si ya wazungu?

Nusu nusu. Huko Marekani kwenyewe watu weusi wameifinyanga tangu zamani. Katherine Dunham alikwenda Haiti miaka ya 1930 kujifunza ngoma zao akarudi nazo jukwaani. Pearl Primus, mzaliwa wa Trinidad, mwishoni mwa miaka ya 1940 alizunguka Afrika anakaa vijijini anajifunza. Alvin Ailey alianzisha kundi lake New York 1958 na mpaka leo linazunguka dunia. Kwa hiyo mtoto wa Mwembetanga anapofundishwa stepu "ya kizungu" mara nyengine ni ya babu zake imezunguka imerudi na koti.

Na hapa Afrika yupo Mama Germaine Acogny. Kazaliwa Benin, Senegal ndo kwao, alikuwa mkuu wa Mudra Afrique pale Dakar, chuo kilichofunguliwa 1977 kwa msaada wa Rais Senghor na Maurice Béjart, mtunzi wa densi wa Ufaransa, kikafungwa 1982. Hakukata tamaa, baadae na mumewe wakajenga École des Sables, skuli ya mchangani, kijiji cha Toubab Dialaw karibu na bahari. Mwaka 2021 alipewa tunzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice. Ufundi wake wa kufundisha mgongo, mgongo ndo mti na unayumba kama mti, ndo tunaoanzia mazoezi yetu asubuhi. Kuna watunzi wengine wa densi, Opiyo Okach wa Kenya, Faustin Linyekula wa Kisangani kule Kongo na Studios Kabako zake. Hatujaanza sisi, wala msitupe sifa hiyo.

Mmejifunzia wapi? Unguja kuna skuli ya densi?

Ya muziki ipo, DCMA tangu 2002, na wapigaji wetu wawili wametoka hapo. Ya densi yenyewe kwa maana ya jengo na sakafu, bado. Wengine wamepitia Bagamoyo, ile ya zamani Chuo cha Sanaa ya 1981 ambayo sasa ndo TaSUBa, wengine wamechukua warsha Dar es Salaam pale Nafasi, kituo cha sanaa, mmoja alibahatika kufika Senegal. Waliobaki wamejifunzia harusini. Nasema kweli, alie bora kwetu kwa kidumbak hajawahi kukanyaga darasa la densi mpaka anatimiza miaka ishirini na mbili, alikuwa fundi wa mafriji.

Mnacheza unyago?

Hatuchezi na msituombe. Najua Bi Kidude, Mungu amrehemu, aliefariki Aprili 2013, alilipeleka lile ngoma lake la msondo mpaka Ulaya. Lakini yeye alikuwa kungwi mwenyewe, alikuwa anajua nini cha kutoa na nini cha kubakisha. Sie hatuna ruhusa ya kuyatoa ya ndani. Wasichana wetu wote wanayajua na wote wamekataa, jambo limekwisha.

Na Maulidi ya Homu pia hatuchukui. Mmoja wetu kakulia kwenye safu hizo, anapiga magoti na kuyumba tangu ana miaka sita, ukimtazama anavyohema jukwaani utaiona, hilo hatuwezi kumvua. Lakini kunyanyua safu ya maulidi kuitia kwenye shoo yetu ya tiketi, hapana.

Ni halali?

Mie si shekhe. Nitakwambia tunavyofanya tu uamue mwenyewe. Ramadhani tunafunga duka mwezi mzima, hata mazoezi ya jioni hakuna, tunafanya kunyoosha mwili tu tena kwa anaetaka. Usiku wa kuamkia Ijumaa hatuonyeshi. Adhana ikisikika ngoma inasimama, na kwa kuwa Mji Mkongwe ukisikia moja umesikia kumi, tunapanga kuanza baada ya Isha tupate nafasi ndefu isiyokatwa. Mzazi akija kumtoa mtoto wake hatubishani nae, tunamkaribisha chai. Wawili wametolewa hivo, mmoja amerudi na mama yake ndo anaetushonea nguo sasa.

Wasichana wanavaa nini? Nataka kumruhusu binti yangu lakini baba yake...

Shoga yangu, nimekuelewa. Suruali pana mpaka kifundo, juu nguo ya mikono, na nywele kila mtu anavyojisitiri mwenyewe, watatu wanafunga mitandio na tumejifunza kuipiga pini isitoke hata akipinduka kichwa chini. Wageni wa nje mara kwa mara wanatwambia nguo "zinaficha mistari ya mwili". Tunawashukuru kwa maoni. Nguo pana ina raha yake, ukizunguka inachelewa nusu sekunde nyuma yako, ni kama una mwenzio. Baba yake aje mazoezini wakati wowote, milango haifungwi, joto lenyewe halikubali.

Mbona sikufahamu hadithi?

Huenda haipo.

Haya nisiwe mkali. Vipande vyengine vina kisa, kimoja ni cha mama anaesubiri boti ya Pemba. Vyengine ni miguu na ngoma tu, kama unavyotazama bahari, huiulizi bahari inasimulia nini. Ila kama umetoka unahisi umechoshwa hilo ni kosa letu si lako, na uniandikie ni sehemu gani. Kuna kipande kilikuwa dakika ishirini na mbili, sasa kina kumi na nne, na ni nyie mlokikata.

Shoo ni muda gani, na mbona mara nyengine mnachelewa kuanza?

Saa moja na dakika kama kumi, hakuna mapumziko. Kuchelewa kuna sababu mbili. Moja ni umeme, na sina la kuongeza. Ya pili ni umande. Tunacheza juu ya zulia la raba, na ukumbi wa wazi kama Ngome Kongwe ni mzuri hakuna mfano, umekaa kwenye ngazi za mawe na kuta za tangu karne ya 17 zimekuzunguka, lakini kuanzia saa tatu usiku raba inatoa jasho kama gilasi ya maji baridi na mguu mtupu hapo unateleza vibaya. Kwa hiyo mkituona watu wanne tunapangusa sakafu na vikoi mjue si sehemu ya shoo. Kuna mgeni alipiga makofi.

Ngoma za ngozi mnazipandishaje ndege?

Hili swali zuri na nilikuwa nalisubiri.

Kupandisha si kazi, kazi ni kushuka. Ukifika forodha za watu wanauliza ngozi ya mnyama gani, imekaushwa vipi, una karatasi? Na msewe ndo balaa, maana ina punje, na kuna nchi punje ya mmea ni kama bangi. Safari moja msewe zetu zilizuiliwa siku mbili, tukacheza onyesho la mwanzo na vifuniko vya soda vilivyotungwa kwenye uzi, wallahi hakuna mtazamaji alietambua, lakini sie tulikuwa tunasikia makopo.

Halafu kuna joto. Ngoma zetu zinaoteshwa moto, ngozi ikilegea unaipeleka kwenye moto wa makuti inakaza, sauti inapanda. Sasa nenda kamwambie meneja wa ukumbi wa Ulaya, jengo la mbao, kwamba unataka kuwasha makuti nyuma ya pazia. Tunatumia mashine ya kukaushia nywele. Mpigaji wetu, mtu mzima na ndevu zake, anakaa saa nzima anaipuliza ngoma kama bibi harusi anaetengenezwa kichwa. Na baridi ikizidi wakiwasha mahita, hewa inakauka kuliko jangwani, tulishaiacha ngoma moja karibu na hita usiku kucha asubuhi tumeikuta imepasuka katikati. Tangu tuko watoto tunaambiwa ngoma ikilia sana hupasuka, kumbe hata ikinyamaza. Siku hizi tunazilaza na kitambaa kibichi pembeni, chooni ambako hakuna hita.

Na viza?

Usinichokoze. Ofisi za ubalozi ziko Dar, kwa hiyo kabla hujaomba ruhusa ya kwenda Ulaya unaanza safari ya boti ya kwenda kutia alama za vidole, watu kumi na nne, nauli kwenda na kurudi, na malazi kama mtandao uko chini siku hiyo. Kijana wa miaka ishirini na tatu asie na mke, asie na nyumba wala mshahara wa mwezi, aandike kwa nini atarudi. Mmoja wetu aliandika "kwa sababu mama yangu yuko huku". Alikataliwa. Wachezaji wakenda wanane, tukakipanga upya kipande cha watu tisa kwenye uwanja wa ndege tukisubiri kubadilisha ndege, kwenye kapeti, abiria wanatukwepa na mabegi yao. Nafasi yake tuliiacha wazi. Hatukuijaza, wachezaji walikuwa wanaizunguka tu pale alipotakiwa kuwepo, na ikawa ndo sehemu watu walioniuliza kuliko zote. Safari iliyofuata alipata, akaja akacheza mahali pake, na kusema kweli kipande kilipungua kidogo. Yeye mwenyewe anajua, tunamtania.

Mnakuja hotelini? Harusini?

Harusini kama kundi, hapana. Ukitaka ndege, kina mama na miavuli yao na mwendo ule wa taratibu, tuulize tutakuelekeza kwa wanaoicheza vizuri kuliko sie, na beni vile vile.

Hotelini tunakwenda kwa masharti matatu, watu wakae chini watazame, chakula kisitembezwe, na nusu ya malipo itangulie. Hilo la tatu tumelipata kwa machozi. Kuna hoteli moja ya pwani, siitaji, ilituita siku mbili, tukacheza zote mbili, malipo mpaka leo "mhasibu yuko likizo". Mhasibu wa kupumzika miaka miwili na nusu huyo mie ningependa kazi yake.

Wachezaji wanaishi kwa hii kazi?

Wawili labda. Wengine wanafundisha skuli, mmoja ana vespa ya kupeleka mizigo Darajani, mmoja anauza vipande vya pweza Forodhani na ndo mwenye mikono mizuri kuliko wote, ukimuona anavyogeuza mishikaki utaijua ile sehemu ya pili ya kipande cha kidumbak imetoka wapi. Pesa ya onyesho inagawiwa sawa, wapigaji na wachezaji, mtu wa taa na mie. Kulikuwa na ugomvi mkubwa juu ya hilo, umekwisha, msiufufue.

Mna vibali?

Tunavyo. Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni wanatujua, na kila shehia tunayokwenda tunaanza kwa sheha. Usianze kufunga spika kabla sheha hajajua, utazifungua mwenyewe.

Naweza kujiunga? Nina miaka 34 na mwili wangu mnene kidogo.

Unaweza. Mazoezi ya wazi ni Jumamosi asubuhi, bure, njoo na kikoi na maji. Tunachotazama si kupinda, kupinda utafundishwa. Tunatazama kama unasikia. Mtihani wetu ni mmoja, mpigaji anapiga, unatembea tu, anabadilisha bila kukuambia, tunaona mguu wako unajua lini. Mwaka jana alikuja kijana wa mazoezi ya gim, anapinduka hewani mara mbili, halafu akaja pia mama mmoja muuza maandazi ambae alikuwa kamleta mwanawe. Tulimchukua mama.

Tarehe 29 Aprili, ile siku ya densi duniani inayofanywa tangu 1982, huwa tunafungua darasa la watoto siku nzima. Aprili ni masika kwa hiyo kila mwaka inanyesha na kila mwaka tunashangaa.

Kupiga video ruhusa?

Dakika mbili za mwanzo piga utosheke, halafu weka chini. Mwanga wa simu kwenye uso wa mchezaji anaezunguka unamtia kizunguzungu, si utani, mmoja aliangukia safu ya mbele juu ya mke wa mgeni rasmi.

Pemba mtarudi lini? Mnatupendelea Unguja tu!

Tunarudi, acheni kulalamika. Tunasubiri kusi litulie maana mara iliyopita kwenye mkondo wa Nungwi walitapika wachezaji saba kati ya tisa na walioshuka Mkoani siku ile walikuwa hawafai hata kubeba begi. Ni ule ule uwanja wa skuli. Tunaanza baada ya Alasiri kwa jua la Mungu, taa hatuleti. Tiketi hakuna, njoo na mkeka wako na watoto wakae mbele, ila muwaachie nafasi wazee. Yule mzee yupo, tumempelekea salamu, ameuliza jambo moja tu, kama msewe tumefunga miguu yote miwili. Tumemjibu mmoja. Kasema atakuja na bakora.

Mkiweza kufika saa nane tusaidieni kushusha zulia kwenye gari, zito mno lile na mtu wetu wa taa ana mgongo.